Fungu la Safari

Tundu la fisi kwa kawaida huanza kuwa la mnyama mwingine, ngiri au muhanga. Fisi wakubwa hupanua mlango tu. Njia za ndani hubaki nyembamba, na wapitao humo ni watoto peke yao, mahali ambapo simba hawezi kuingiza kichwa na mama mzazi hawezi kupitisha mabega. Kwa hiyo mtoto wa fisi humjua mama yake kwanza kwa sauti ya mlangoni, mguno wa chini unaomwita atoke anyonye. Watoto wa mama wengine wakiusikia mguno huo hubaki chini, maana wanajua walioitwa si wao. Tundu ni la ukoo mzima, lakini kila mtoto ana ziwa lake.

Katika nyanda za Serengeti, kati ya Seronera na kilima cha Naabi, palikuwa na ukoo mmoja wa fisi zaidi ya 40. Aliyeutawala ni Bi Mosi. Kwa fisi, jike ndiye mkubwa, kwa mwili na kwa amri, na Bi Mosi alikuwa mkubwa kwa yote mawili. Nyama ikianguka alikula yeye na wanawe. Kisha alifuata dada yake, Bi Tatu, na wanawe. Kisha wengine, mama kwa mama, kila mmoja akijua nani yuko mbele yake na nani yuko nyuma. Mwisho kabisa walikula madume waliohamia kutoka koo nyingine, kama kimebaki kitu. Juu kidogo tu ya hao madume alikuwa Mama Subira.

Mpangilio huo haukumuumiza mtu nyumbu walipokuwa karibu. Nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja, na wakipita katikati ya nyanda hata wa mwisho hushiba. Lakini nyumbu hawakai. Mvua za vuli zikianza hushuka kusini hadi Ndutu, ambako huzaa karibu na Februari, kwa sababu majani mafupi ya huko yameota juu ya majivu ya volkano na yana madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Kiangazi kikiingia huelekea magharibi na kaskazini, Grumeti na mto Mara. Miezi hiyo karibu na tundu hubaki swala wachache na ngiri wachache, na hao wachache wana wenyewe, Bi Mosi na nyumba yake. Mama wa chini huwafuata nyumbu. Hutembea usiku, kilomita 40 na zaidi za kwenda tu, wakikatiza ardhi ya koo nyingine huku wamefyata mikia ili wenyeji waone kwamba hawakuja kushindana. Wakila hurudi. Wakirudi hunyonyesha. Kisha huondoka tena.

Subira alikua akiachwa na kurudiwa namna hiyo. Aliijua dunia kwa kusikiliza, akiwa chini ya ardhi. Aliujua mguno wa Bi Mosi, uliokuja asubuhi na jioni. Aliujua wa Bi Tatu. Mguno wa mama yake aliungoja siku tatu, nne, mara nyingine zaidi. Siku ya kwanza alicheza na wenzake. Siku ya pili aliacha kucheza. Siku ya tatu alilala kwenye njia, na watoto wa Bi Mosi walipotoka kunyonya walimkanyaga mgongoni. Hawakuwa na ubaya naye. Alikuwa amewazibia njia. Mama yake aliporudi maziwa yalikuwa mengi na mazito, na Subira alinyonya mpaka jua likageuka, lakini hata akinyonya sikio moja lilibaki likichunguza kama mama anataka kuinuka.

Hakuna aliyemfundisha siasa. Mama yake hakuwahi kumwambia kwamba Bi Mosi ni dhalimu; alikuwa amechoka mno kusema lolote. Alimfundisha kulaza masikio, kushusha kichwa, kufyata mkia na kusema shikamoo kwa kila aliyezaliwa juu yake, hata kama amezaliwa jana. Hata hivyo, alipofikisha miaka 2 Subira alikuwa na msimamo kamili. Nyama iliyoanguka katika ardhi ya ukoo ni ya ukoo. Aliye karibu na aliye mbali wana haki sawa juu yake. Anayekula kwanza hakula kwa uhodari. Amekula kwa sababu alizaliwa hapo alipozaliwa. Angeulizwa fikra hizo amezitoa wapi, angejibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama.

Alikaribia miaka 3 mama yake alipozaa tena, mtoto wa kike, mweusi kama walivyo watoto wote wa fisi, macho wazi na meno tayari mdomoni. Masika ilikuwa inakwisha. Mama Subira alimnyonyesha wiki tatu, akaenda magharibi kuwafuata nyumbu, na hakurudi. Katika vichaka vya upande ule watu hutega matanzi ya waya kwenye njia za nyumbu, na waya haumchagui wa kumkaba. Mama Chausiku, aliyekuwa akisafiri naye, ndiye aliyemkuta asubuhi.

Siku hizo hizo mvua kubwa ya mwisho ilijaza upande mmoja wa tundu usiku, na watoto wawili wa Bi Mosi wakazama. Asubuhi alikuja mlangoni, matiti yamejaa, akaguna. Waliozoea kutoka hawakutoka. Akaguna tena, na tena, mpaka akatoka kitoto kimoja cheusi ambacho hakikuwa kimenyonya kwa siku nne na kilikuwa kimeacha kuchagua sauti. Kwa kawaida fisi hanyonyeshi mtoto asiye wake. Humjua kwa harufu, na humuuma anayejikaribisha. Bi Mosi alimnusa kwa muda mrefu. Kisha akalala ubavu.

Akamwita Tunu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipotengenezwa na mwenye kutengenezwa hakuona. Tunu alikuwa na miezi miwili mtoto mkubwa wa Bi Tatu alipomnyang'anya kipande cha ngozi walichokuwa wakikivutana. Tunu alilia. Bi Mosi aliinuka kivulini, akaja bila haraka, akasimama nyuma ya Tunu, manyoya ya shingo yamesimama. Mtoto wa Bi Tatu akaiachia ngozi akalala chini. Tunu alikuwa akitazama mbele, kwa hiyo aliona jambo moja tu: alilia, na mkubwa akaanguka. Mara ya pili hakulia, alikoroma. Bi Mosi akaja tena, na mkubwa akaanguka tena. Ikawa hivyo kwa watoto wote wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na baadaye kwa mama zao. Tunu alipofika miezi sita Bi Mosi hakuwa na haja ya kuja. Aliinua kichwa tu. Alipofika mwaka hakuinua hata kichwa. Tunu alikwenda kwenye nyama, waliokuwapo wakasogea, naye akazamisha uso mpaka machoni akala.

Angeulizwa kwa nini anakula mapema, angejibu kwa moyo safi: kwa sababu naingia, wenzangu wamesimama pembeni wanacheka. Na kweli walicheka. Kile kicheko cha fisi ambacho watalii hukitegea masikio usiku hutoka kwa anayebanwa na kunyimwa. Tunu, ambaye hakuwahi kubanwa, alikisikia kuwa ni kicheko cha mvivu anayefurahia uvivu wake. Msimamo wake nao ulikuwa kamili. Nyama ni ya anayethubutu. Ukimwekea fungu asiyethubutu unamlemaza, na unamdhulumu aliyethubutu.

Subira alikuwa miongoni mwa waliosogea. Alijua Tunu ni nani, kama walivyojua wakubwa wote wa ukoo, na kama ilivyo katika vijiji vingi, lililojulikana na wote halikusemwa na yeyote. Kila asubuhi Subira alimwamkia shikamoo mdogo wake wa tumbo moja, na Tunu aliitikia marahaba bila kugeuka.

Habari ya mtoto wa kulea sikuibuni. Marion East na Heribert Hofer, wanasayansi ambao mradi wao umewafuatilia fisi wa Serengeti tangu 1987, wakimtambua kila mmoja kwa madoa yake, waliwahi kuwaona watoto wachache walionyonyeshwa na mama asiyewazaa. Walipokua walishika nafasi iliyo chini tu ya mlezi, hata kama aliyewazaa alikuwa na nafasi nyingine kabisa. Cheo kilitoka kwa yule aliyesimama nyuma yao walipokuwa wadogo. Ndiyo sababu nimewachagua fisi, ingawa hadithi zetu zimemzoesha fisi kuwa mlafi na mjinga, yule aliyepasuka msamba njia panda kwa kutaka kufuata njia zote mbili. Kwangu mimi fisi ni shahidi mzuri, kwa kuwa kwake mambo ambayo sisi tunayafunika kwa maneno yako wazi mlangoni.

Na watu je? Chukua mtaa mmoja wa mji wa Tanzania mwaka 1983. Sabuni ni foleni, sukari ni foleni, unga ni foleni. Waziri Mkuu Edward Sokoine ameongoza msako wa wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zinatolewa stoo, na wengine wanazitupa usiku kwa hofu. Mtoto wa mama aliyezoea kurudi mikono mitupu anaona mama amerudi na mche wa sabuni, anacheka. Mtoto wa mwenye duka, nyumba ya pili, anaona baba anapakiwa kwenye gari, jirani wakitazama. Leo wote wawili ni watu wazima wenye watoto wakubwa. Wasikilize wakibishana juu ya bei elekezi, au juu ya kodi ya wafanyabiashara. Kila mmoja ana hoja, ana takwimu, ana magazeti, na kila mmoja anashangaa mwenzake anashindwaje kuona jambo lililo wazi. Nina hakika wote wawili wanasema kweli. Walichokiona walikiona. Wanachokosa ni kuuliza siku ile mwenzangu alikuwa nyumba gani.

Turudi porini. Mwaka mmoja, Tunu akiwa amekwisha kua, kiangazi kilikuwa kirefu. Nyati mzee alianguka karibu na tundu wakati mama wa chini wako kaskazini, na nyati anatosha ukoo mzima. Nyumba ya Bi Mosi na nyumba ya Bi Tatu zilikula, zikalala juu yake, zikaamka zikala tena, na kwa kuwa fisi hutafuna hata mifupa, mwishowe zilibaki pembe. Mama Chausiku huko alikokwenda alikuwa ameua pundamilia, simba wakamfukuza juu yake. Aliporudi maziwa yamekauka. Alikuta pembe nje, na ndani ya tundu alikuta mtoto mmoja kati ya wawili aliowaacha.

Aliita baraza. Halikuwa limewahi kuitwa na mtu wa nafasi yake, na nadhani walikuja kwa mshangao.

"Naomba jambo dogo," alisema Mama Chausiku, kichwa chini. "Kila mnyama mkubwa atakayeanguka hapa nyumbani sisi tukiwa safarini, paja moja litumbukizwe kwenye dimbwi, kama tunavyoficha nyama tukishiba, bweha na tumbusi wasilifikie. Atakayerudi atalikuta. Tuliite fungu la safari."

Bi Mosi alimpa pole ya mtoto, na pole ile ilikuwa ya kweli, maana naye alikuwa amezika. Kisha akasema: "Mimi nimeona ukoo ukivunjika, Mama Chausiku. Wengi wenu mlikuwa bado hamjazaliwa. Ulivunjika siku wa nyuma walipoanza kuuliza kwa nini wako nyuma. Waliumana juu ya nyama mpaka simba wakaja wakaichukua, na mwaka uliofuata ardhi yao ikawa ya jirani. Zamu zetu ni ngumu, lakini kila mtu anaijua yake, kwa hiyo hatuumani."

Hoja hiyo ni nzito. Anayeipuuza hajawahi kuishi mahali ambapo watu waliacha kujua zamu.

Tunu akasimama. Alisema vizuri, kwa sababu tangu utotoni alipofungua mdomo watu walinyamaza. "Mimi sikuwekewa fungu na mtu. Niliingia kwenye nyama nikiwa mdogo kuliko wote, nikakoroma, nikala. Mlango ule ule uko wazi kwa kila mmoja wenu. Tukianza kuwatunzia paja wasioingia, kesho nani ataingia?"

Subira alitaka kujibu. Alikuwa na jibu tangu siku alizolala njiani akikanyagwa. Alisogea hatua mbili mbele, Tunu akamtazama, na badala ya maneno kikamtoka kicheko, kirefu, cha juu, ambacho hakukitaka. Akarudi nyuma akiendelea kucheka. Vijana wa nyumba ya Bi Tatu walidhani anadharau baraza.

Mwisho alisimama Mzee Mgeni, dume aliyehamia, mtu wa mwisho kuliko wote wa mwisho. Madume wa fisi wakikua wengi huondoka kwao, na huko wanakokwenda huanzia chini, hata waliozaliwa juu. "Kwetu mama yangu ndiye aliyekuwa Bi Mosi," alisema. "Nilikuwa nikisema kama anavyosema Tunu, neno kwa neno, na niliamini. Hapa nimekula baada ya watoto wenu kwa miaka mingi, na sasa naamini anachosema Mama Chausiku. Nimejiuliza mara nyingi ni kipi nilichokifikiri mwenyewe. Sijapata jibu. Lakini nawaambia, sikuongezeka akili njiani. Nilihama tu."

Dume wa mwisho hasikilizwi. Baraza likavunjika na fungu halikupita.

Usiku ule Subira alimfuata Tunu kilimani. Alianza kama ilivyo desturi, "Shikamoo, Bi Tunu," akaitikiwa marahaba. Kisha akakaa kimya mpaka Tunu akageuka kumtazama, na ndipo akasema, "Mdogo wangu."

Tunu akakoroma. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Mama yetu alikufa kwa waya, magharibi. Ulikuwa na wiki tatu. Uliyemwona akianguka mbele yako hakuanguka kwa sababu yako. Muulize Bi Mosi alikuwa amesimama wapi."

Tunu alimuuliza kabla jua halijachomoza, na Bi Mosi, ambaye hakuwa mwongo, hakukana. "Nilikuwa nyuma yako," alisema. "Na mama yangu alikuwa nyuma yangu, na wake alikuwa nyuma yake. Ulidhani katika ukoo huu yuko aliyesimama peke yake, mwanangu? Ningekuambia mapema ungegeuka kuangalia kama nipo. Anayegeuka haogopwi."

Ningependa kuandika kwamba baada ya kuyajua hayo Tunu alibadilika. Haikuwa hivyo. Siku ile ile aliangushwa swala, Tunu akaenda, waliokuwapo wakasogea, naye akakoroma na kula kama jana. Alijua sasa koromo lile limetoka wapi, na halikupungua sauti hata kidogo. Kichwani mwake hoja zake zilibaki zimepangwa vizuri kama zilivyokuwa. Kujua asili ya fikra zako ni jambo moja. Kuzitoa mwilini ni jambo jingine, kwa sababu ziliingia kabla hujawa na maneno ya kuzikatalia.

Lililobadilika ni moja tu. Mama Chausiku alipoondoka tena kwenda kaskazini, Tunu alimfuata.

Walitembea usiku kucha. Mama Chausiku hakuongea, alitembea ule mwendo wa mtu anayejua urefu wa njia. Karibu na alfajiri waliingia ardhi ya ukoo mwingine, na wenyeji watatu wakaja mbio kuwaangalia.

"Fyata mkia," alisema Mama Chausiku.

"Haushuki."

"Laza masikio basi."

Tunu alijaribu. Mwili haukumtii. Mkia ulibaki juu kama wa mwenye nyumba, na wenyeji wakamrukia, wakamchana paja na sikio, mpaka Mama Chausiku alipojilaza mbele yao akicheka kile kicheko, akiwaombea wote wawili njia. Walipoachiwa, Tunu alitembea nyuma ya Mama Chausiku akichechemea. Baadaye aliuliza, "Mnawezaje haya na mnanyonyesha?"

"Tunaweza," alisema Mama Chausiku.

Walirudi siku ya tano. Tunu alipofika tunduni, jambo la kwanza alilolifanya ni kumtafuta Subira. Alisimama mbele yake, akashusha kichwa, si chini sana, kiasi alichoweza. "Shikamoo, dada," alisema.

Subira akafungua mdomo kuitikia. Marahaba haikutoka. Hakuwahi kuitamka kwa mtu aliyezaliwa juu yake, na haijalishi alijua nini juu ya tumbo lililowazaa; masikio yake yalikuwa yamekwisha lala, mkia umekwisha fyatwa. Wakabaki wote wawili vichwa chini, kila mmoja akingoja mwenzake amalize.

Baraza la pili aliliita Tunu mwenyewe. "Nimetembea na Mama Chausiku," alisema. "Safari yake moja ni ndefu kuliko yote niliyokuwa nimetembea tangu nizaliwe. Yule si mvivu. Tukiwapoteza wanaosafiri na watoto wao, tutabaki nyumba mbili, na nyumba mbili hazilindi nyama mbele ya simba. Naunga mkono fungu la safari. Ila liwe la siku nne. Asiyerudi ndani ya siku nne, paja liliwe na waliopo. Lazima kuwe na kitu cha kumfanya mtu aharakishe."

Bi Mosi alitikisa kichwa kukubali. Hoja ilikuwa ya nguvu ya ukoo, na hiyo ilikuwa lugha yake.

Mama Chausiku alikasirika. "Hata anapotutetea," aliwaambia waliokaa naye, "anatutetea kama mwenye nyumba anayegawa. Nani amemwambia ni lake la kutoa?" Wengine wakamnyamazisha. Kupata paja ni kupata paja, walisema. Unataka na sababu yake pia? Mimi niko upande wa Mama Chausiku katika hili. Kinachotolewa kwa huruma hurudishwa huruma ikiisha, na mwenye njaa ana haki ya kujali amepewa kwa jina gani.

Safari hii Subira alisema. Hakusogea mbele; alibaki alipo, akaongea akitazama ardhi, na labda ndiyo sababu kicheko hakikuja. "Mama yangu alichelewa zaidi ya siku nne mara nyingi. Nilikuwa chini pale namngoja. Hakuhitaji wa kumharakisha. Siku nne zimehesabiwa na mtu asiyewahi kungoja."

Tunu alinyamaza. Sikio lake lililochanika lilikuwa bado bichi, na naye alikuwa amerudi siku ya tano.

Wakakubaliana fungu likae mpaka litakapooza, lisihesabiwe siku. Bi Tatu alipinga mpaka mwisho, na mpaka leo anapinga. Anasema ukoo umeanza kulea.

Kiangazi kilichofuata lilitumbukizwa paja la kwanza, la nyumbu dume aliyebaki nyuma ya kundi. Mama Chausiku alirudi akalikuta. Subira alirudi usiku mmoja baadaye na akalikuta limebaki nusu, lake halali, limewekwa kwa jina la safari aliyoitembea kwa miguu yake. Hakuligusa. Alilizunguka dimbwi, akakaa pembeni, akaangalia nyuma, akangoja wakubwa wapite. Hakuna mkubwa aliyekuja, maana nyama haikuwa yao. Alingoja hata hivyo.

Aliyeingia dimbwini ni binti yake, Chiku, wa karibu mwaka mmoja. Chiku alizaliwa baraza la pili likiwa limekwisha fanyika. Hakulijua tundu la kabla ya fungu. Aliingia majini mkia juu, akalivuta paja, akaanza kula.

"Mtoto huyu hana adabu," alisema Bi Mosi kutoka kivulini. Alikuwa amezeeka, lakini manyoya ya shingo yalisimama.

Subira naye alikuwa amekwisha inuka kwenda kumtoa mwanawe, kwa sababu hata yeye aliona ile si adabu. Tunu akamwahi. Alitembea bila haraka, akaja akasimama nyuma ya Chiku, na Bi Mosi, aliyeijua vizuri sehemu ile ya kusimama, akalaza kichwa tena.

"Unajua unachokifanya?" aliuliza Mama Chausiku. "Unamfanya awe wewe. Mwaka ujao atasimama barazani atuambie alikula kwa sababu alithubutu."

"Nitamwambia nilikuwepo."

"Mwambie sasa. Bi Mosi alikuambia ulipokuwa mkubwa, na ona ilivyokusaidia."

Tunu akainama karibu na sikio la mtoto. "Chiku, mwanangu, niko nyuma yako. Na kabla yangu ni miguu ya mama yako iliyotembea mpaka Mara. Umesikia?"

Chiku alikuwa amezamisha uso mpaka machoni. Aliuliza, bila kugeuka, kama paja la pili nalo ni lake.